Kahawa Yetu Mwisho wa Safari: Mwanafunzi wa Ruiru na Rafiki Yake wa Thika Mjini Trieste

Watu wa Thika na Ruiru wanaijua kahawa kwa upande wake mmoja. Wanaijua ikiwa maua meupe baada ya mvua, ikiwa buni nyekundu ndani ya debe, na ikiwa magunia juu ya lori. Lori likishapita, macho yao hukoma hapo. Kahawa imekwenda Ulaya, na ya Ulaya nani ayajue? Mimi mwenyewe nilizaliwa Ruiru, karibu na ua wa shamba kubwa la kahawa, na nyanya yangu alichuma buni kwa malipo ya debe tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa kuinama. Hata hivyo nilifika umri wa miaka ishirini na mitatu kabla sijaona kwa macho yangu mahali safari ya kahawa inapoishia. Nilipaona katika mji wa Trieste, nchi ya Italia, Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi wa Novemba mwaka 2025, nikiwa pamoja na rafiki yangu wa Thika. Nataka kuwaeleza wasomaji mambo tuliyoyaona, na hasa hesabu tuliyoifanya juu ya meza ya mkahawa, maana hesabu hiyo ndiyo iliyotupeleka huko.

Kwanza nieleze sababu ya safari. Sisi wawili tu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Padova, kaskazini ya Italia, chuo kilichoanzishwa mwaka 1222. Yeye anasoma uhandisi, mimi nasoma kilimo. Baba yake ana miti ya kahawa mia tatu katika milima ya Gatanga, juu ya mji wa Thika, naye ni mwanachama wa chama cha ushirika tangu zamani. Mwaka huo, buni zilipoanza kuiva, mzee alimpigia mwanawe simu akamwambia kwamba majirani wawili wamekwisha kung'oa miti yao. Mmoja amepanda maparachichi, na wa pili amekata shamba lake kuwa viwanja vya kuuza. Naye alifikiri kufanya vivyo hivyo mavuno yakiisha. Lakini kwa kuwa shamba ni la watoto pia, alitaka kwanza kusikia neno la mtoto wake wa kwanza.

Rafiki yangu hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi aliniambia, "Bwana, nimechuma kahawa tangu nikiwa mdogo, na karo yangu ya shule ililipwa kwa kahawa, lakini sijui hata kikombe kimoja kinauzwaje na fedha yake inakwenda wapi. Nitamjibu nini mzee?" Ndipo nilipomwambia twende Trieste.

Msomaji atauliza, mbona Trieste, na si Roma au Venezia wanakokwenda wageni wote? Mji huu uko pembeni kabisa mwa Italia, upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Slovenia, juu ya ncha ya Bahari ya Adriatiki. Mwaka 1719 Kaisari Karl VI wa Austria aliutangaza kuwa bandari huru, yaani mahali ambapo wafanya biashara waliweza kuteremsha na kuweka bidhaa zao bila kulipa ushuru wa forodha. Kahawa iliyotakiwa Vienna ikawa inapita hapo. Tangu wakati ule mji umebadili mabwana zaidi ya mara moja: ulikuwa wa Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, kisha ukawa wa Italia, na baada ya Vita vya Pili ulitawaliwa na majeshi ya kigeni mpaka Italia iliporudishiwa mwaka 1954. Mabwana walibadilika, kahawa ikabaki. Katika mji huu ndipo Francesco Illy, mtu aliyezaliwa Timișoara, mji ulio sasa katika Romania, alipoanzisha kiwanda chake cha kahawa mwaka 1933, na magunia ya kahawa kutoka pande zote za dunia huteremshwa katika bandari yake.

Tuliondoka Padova alfajiri kwa gari la moshi. Nasema gari la moshi kwa mazoea tu, kwani halina moshi wala makaa. Huenda kwa nguvu za stima zipitazo katika waya juu yake. Hapa ni vema nimwonye kijana ye yote atakayesafiri katika nchi ile. Akinunua tikiti ya karatasi ya gari la kawaida, haitoshi kuiweka mfukoni. Lazima kwanza aitie katika kijisanduku kilichopo stesheni, kipigwe muhuri wa saa na tarehe. Akisahau, mkaguzi atamhesabu kama mtu asiye na tikiti, naye atatozwa faini hata akilia. Mimi najua, maana nilitozwa katika mwezi wangu wa kwanza, na fedha ile ingaliweza kuninunulia chakula cha siku nne. Tena asiache nyumbani pasipoti yake na kibali chake cha kukaa. Siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Nauli ya kila mmoja wetu haikufika euro 20. Tulibadili gari katika stesheni ya Mestre, na kwa muda wa saa mbili na nusu hivi tulipita katika nchi tambarare yenye mahindi yaliyokwisha vunwa na mizabibu iliyopukutika majani, mpaka ghafula nchi ikawa mawe matupu upande mmoja, na bahari chini yetu upande wa pili.

Tulipotoka stesheni, upepo ndio uliotupokea. Watu wa huko huuita Bora. Hutoka kaskazini-mashariki, katika nyanda za juu zenye mawe, ukashuka kwa ghafula juu ya mji, na siku za ukali wake huweza kupita mwendo wa kilometa 120 kwa saa. Zamani katika njia nyingine za mji zilifungwa kamba, ili watu wazishike wasiangushwe. Siku ile wenyeji walituambia kwamba upepo ni mdogo tu. Kofia ya rafiki yangu ilikwenda baharini wala hatukupata nafasi ya kuiaga.

Sitaeleza mengi juu ya majumba. Kuna uwanja mkubwa uitwao Piazza Unità d'Italia, wenye majumba ya fahari pande tatu, na upande wa nne ni bahari yenyewe. Mtu akisimama katikati yake huona jinsi mji ulivyojengwa kuitazama bandari, kama vile duka linavyoitazama njia. Lakini kuna jambo moja linalotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki, nami sikulijua mpaka siku ile. Richard Burton, yule Mwingereza aliyesafiri na Speke kutoka pwani hadi Ujiji, wakalifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858, wakiongozwa na watu wetu kama Sidi Mubarak Bombay, alikuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Trieste tangu mwaka 1872, na humo ndimo alimofia mwaka 1890. Mtu aliyeandika habari nyingi hivi za Unguja na za njia za misafara aliishi miaka kumi na minane kati ya maghala ya kahawa.

Sasa niingie katika mkahawa. Mikahawa ya Trieste ni maarufu. Caffè Tommaseo ilifunguliwa mwaka 1830, na Caffè San Marco mwaka 1914. Hii ya pili tuliitembelea, tukaona watu wamekaa kimya na vitabu na magazeti, na duka la vitabu limo ndani yake. Lakini mwanafunzi hana fedha ya kukaa. Katika nchi ile, bei ya kahawa anayoinywa mtu amesimama mbele ya kaunta ni ndogo, na akitaka kuketi na kuletewa mezani, mara nyingi bei hupanda. Kwa hiyo tulikwenda katika mkahawa mdogo karibu na bandari, mahali wanapokunywa makuli na madereva. Mwenye mkahawa, mzee wa mvi, alikuwa na meza moja kando ya dirisha ambayo hakuitoza kitu.

Hapo tulipata aibu yetu ya kwanza. Rafiki yangu, akikumbuka kahawa ya maziwa iuzwayo katika hoteli za nyumbani, aliagiza "latte". Akaletewa bilauri ya maziwa matupu, maana kwa Kitaliana neno hilo maana yake ni maziwa, basi. Makuli walicheka, lakini si kwa ubaya, na mmoja akatufundisha maneno ya mji. Trieste wana lugha yao ya kahawa isiyoeleweka hata Roma. Ukitaka kahawa tupu waseme "nero", yaani nyeusi. Ukitaka iliyotiwa maziwa kidogo waseme "capo". Na ukitaka hiyo hiyo ndani ya bilauri ndogo badala ya kikombe, waseme "capo in b". Tukaagiza nero mbili.

Kikombe chenyewe ni kidogo, hakizidi finjani ya wauza kahawa wa Mombasa wanaotembea na dele na makaa. Mtu wa bara akikiona hudhani amepunjwa. Lakini namna ya kuipika ni nyingine kabisa. Huko Mombasa kahawa huchemshwa, hapa haichemshwi. Kahawa iliyosagwa laini hushindiliwa katika kijiko cha chuma chenye matundu, kikafungwa katika mashine, kisha maji ya moto yasiyofika kiwango cha kuchemka husukumwa kupita ndani yake kwa nguvu ipatayo mara tisa ya uzito wa hewa ituzungukayo. Kwa muda wa nusu dakika tu hutoka kama vijiko viwili vikubwa vya kahawa nzito, yenye povu la rangi ya udongo juu yake. Mtaliana hutia sukari, hukoroga, hunywa mara tatu, hulipa, huenda zake. Hakai hata dakika tano. Nilihesabu watu arobaini waliokunywa na kuondoka kabla sisi hatujamaliza hesabu yetu.

Hesabu ndiyo hii. Rafiki yangu alitoa daftari. Kilo saba za buni nyekundu, zikiisha kumenywa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, hubaki kilo moja tu ya kahawa safi. Kilo hiyo ikikaangwa hupoteza maji yake, ikabaki gramu 840 hivi. Kikombe kimoja hutaka gramu 7. Basi gramu 840 ni vikombe 120. Bei ya kikombe katika mkahawa ule ilikuwa euro moja na senti 30. Vikombe 120 ni euro 156. Siku zile euro moja ilikuwa karibu shilingi 150 za Kenya, kwa hiyo jumla ni shilingi 23,400. Sasa upande wa mkulima. Tuliandika bei ya shilingi 100 kwa kilo ya buni. Vyama vingine hulipa zaidi ya hapo, na vingine hulipa chini sana, lakini mia ni rahisi kwa hesabu. Kilo saba ni shilingi 700.

Rafiki yangu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Mnywaji alitoa shilingi 195 kwa kikombe kimoja, na katika hizo, zilizofika Gatanga hazikutimia sita. Katika kila shilingi mia ni kama tatu tu. Akafunga daftari akasema, "Basi mzee aing'oe. Mimi sitamzuia."

Mwenye mkahawa alikuwa akitutazama tangu mwanzo. Alikuja akifuta mikono, akauliza vijana wanaandika nini na kukasirika hivyo. Tulipomweleza, hakucheka wala hakuona vibaya. Alivuta kiti, akatuchukulia kalamu, akaanza kuandika upande wake. Kodi ya nyumba. Mishahara ya watu wawili. Stima ya mashine, iwakayo tangu alfajiri hadi usiku. Maji, sukari, vikombe vinavyovunjika, kodi ya serikali. Kisha akaonyesha kwamba kahawa yenyewe, gramu zile saba, yeye huinunua kwa mkaangaji kwa senti 20 hivi. Katika senti 130 anazopokea, hizo 20 tu ndizo zinazotoka nje ya mlango wake kwa ajili ya kahawa. Nyingine zote humalizika pale pale mjini.

Senti 20 ni shilingi 30. Kwa hiyo hesabu ilibadilika sura. Katika hizo shilingi 30, karibu sita ni za mkulima, yaani sehemu moja kwa tano, na nyingine hugawanywa kati ya chama, kinu cha kukoboa, dalali, lori, meli na mkaangaji. Na meli nayo haikuwa rahisi, maana tangu mwisho wa mwaka 2023, kwa sababu ya mashambulio katika Bahari ya Shamu, vyombo vingi viliacha njia ya Suez vikazunguka kusini ya Afrika. Sisemi kwamba sehemu moja kwa tano ni haki. Nasema kwamba mtu akitaka kugomba, ni vizuri ajue agombe na nani, na wala si na mzee wa mkahawa.

Ndipo rafiki yangu alipouliza swali lililonipendeza zaidi: je, kahawa hii tunayoinywa imetoka Kenya? Mzee alileta mfuko. Ulikuwa umeandikwa Brazil, India, Vietnam na Uganda. Jina la Kenya halikuwamo. Nieleze hapa kwamba kahawa iko ya namna mbili kuu. Iko arabika, ambayo ndiyo ya kwetu, ipandwayo katika milima yenye baridi. Na iko robusta, ipandwayo katika nchi za joto zaidi, nayo ndiyo inayolimwa kwa wingi Uganda. Robusta ni chungu, ina nguvu, na hutoa povu jingi katika mashine zile. Kwa hiyo Wataliana huipenda sana katika mchanganyiko wao, na Italia imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda. Kahawa ya Kenya ina ukali kama wa limau. Mzee alisema, "Wateja wangu wakiinywa peke yake wataniambia imechacha. Wakaangaji hutia kidogo, kama mpishi atiavyo chumvi." Na chumvi, msomaji, haiandikwi mlangoni mwa hoteli.

Tulitoka pale tukiwa na fikira nyingi. Lakini mzee alikuwa ametuelekeza kwenye duka dogo la mkaangaji mmoja anayeuza kahawa za nchi mbalimbali, kila moja kwa jina lake. Dukani palikuwa na harufu ambayo sitaisahau. Kando ya ukuta yalipangwa makopo makubwa, na la nne lilikuwa limeandikwa "Kenya AA". Chini yake, kwa herufi ndogo, yaliandikwa majina ya miti: SL28, SL34, Ruiru 11.

Nilisoma mara mbili. Nimezoea jina la nyumbani kuandikwa juu ya matatu na mbao za viwanja. Kuliona ndani ya duka la Ulaya, pasipo mtu aliyejua mimi ni nani, lilinishika koo. Nilimwambia mwenye duka kwamba nimezaliwa Ruiru. Alidhani nafanya mzaha. Alifikiri Ruiru 11 ni namba ya maabara tu, hakujua kwamba ni mji wenye watu.

Na kweli ni ya maabara, nayo ina habari inayostahili kuelezwa. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni zikiwa mbichi mtini, ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Katika miaka ya 1967 na 1968, mvua ilipokuwa nyingi, uliharibu mazao vibaya sana, na mkulima alilazimika kupiga dawa mara nyingi kwa mwaka kwa gharama kubwa. Baada ya hapo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mti usioshikwa na ugonjwa huo wala na kutu ya majani, wakautoa kwa wakulima mwaka 1985. Mti huo ni mfupi, kwa hiyo hupandwa kwa kusongamana. Hekta moja huchukua miti 2,500, hali SL28 huchukua 1,330 hivi. Lakini lazima mkulima ajue jambo moja: Ruiru 11 ni chotara, mbegu yake hutengenezwa kwa mkono, ua kwa ua. Akichukua buni za mti wake akazipanda, watoto hawatakuwa kama mama. Wengi wamepoteza miaka kwa kutojua hivyo. Mwaka 2010 kituo kile kilitoa mti mwingine uitwao Batian, ambao ni mrefu, nao huvumilia magonjwa hayo.

Rafiki yangu aliuliza maana ya "AA", maana nyumbani aliisikia tangu utotoni akadhani ni jina la daraja la wema. Si hivyo. Ni ukubwa wa punje tu. Punje hupitishwa katika chekeche, na zile kubwa ndizo AA, zinazofuata ni AB, na kuendelea. Wema wenyewe huamuliwa na ulimi wa mwonjaji. Kahawa ya Kenya huuzwa kwa mnada Nairobi baada ya kuonjwa, na fungu lililochumwa likiwa jekundu tupu, likachachushwa na kukaushwa kwa uangalifu, hupata bei iliyo mbali sana na ya fungu lililochanganywa na buni mbichi.

Pakiti ya gramu 250 ya kahawa ile ya Kenya iliuzwa euro 14. Kwa kilo ni euro 56, yaani shilingi 8,400. Ili kupata kilo moja iliyokaangwa hutakiwa buni kilo nane na kitu, nazo kwa bei yetu ya mia ni shilingi 830 hivi. Safari hii mkulima amepata kumi katika kila mia. Najua si haki kulinganisha pakiti na kikombe, maana pakiti haina kodi ya meza wala mshahara wa mpishi. Hata hivyo tuliona tofauti. Kahawa iliyoingia katika mfuko wa mchanganyiko ilikuwa imepoteza jina lake, na mkaangaji aweza kuitafuta mahali pengine po pote. Ile ya kopo ilikuwa na jina, na mwenye duka alituambia kwamba ikikosekana hana ya kuweka badala yake, ingawa wanunuzi wake si wengi.

Jioni ile, katika chumba cha hosteli chenye vitanda sita, tulirudi katika daftari. Mwaka uliotangulia mzee wa Gatanga alipata buni kilo 900 kwa miti 300, yaani kilo tatu kwa mti. Mimi, kwa masomo yangu, nilijua kwamba mti wa kahawa uliopogolewa vizuri, ukapewa mbolea na samadi, huweza kuzaa kilo kumi na kuzidi. Hakuna bei ya Trieste itakayomsaidia mtu mwenye kilo tatu kwa mti. Nilipomwuliza kwa nini miti imezaa kidogo namna ile, rafiki yangu alikaa kitako juu ya kitanda akasema polepole, "Aliyekuwa akipogoa ni mimi."

Sikuwa na la kumwambia. Hata nyumbani kwetu Ruiru ni vivyo hivyo. Kabla ya miaka ya 1950 Waafrika wa Kiambu na Murang'a kwa jumla hawakuruhusiwa kupanda kahawa yao. Walikuwa wachumaji tu wa kahawa ya wengine. Wazee walipoipata ruhusa waliishika kwa mikono miwili, wakasomesha watoto kwayo, na watoto waliosoma wakaenda mbali na miti. Kenya ilitoa tani zipatazo 128,000 za kahawa katika mwaka wa 1987/88, na miaka ya karibuni haikufika hata nusu ya hizo. Mahali palipokuwa na mashamba makubwa karibu na Ruiru pamejengwa mji mpya wa Tatu City. Simlaumu mtu aliyeuza. Kiwanja hakipatwi na chulebuni.

Jumapili tulikwenda Miramare, penye ngome nyeupe juu ya mwamba wa bahari, na karibu yake kipo kituo cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mtaalamu wa Pakistan, ili vijana wa nchi maskini wapate mahali pa kusomea elimu ya juu. Waafrika wengi wamepita hapo. Milango ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni Jumapili, nasi tuliitazama kwa nje tu, upepo ukitusukuma.

Kabla ya kupanda gari la kurudi, rafiki yangu alimpigia baba yake simu. Waliongea kwa Kikikuyu muda mrefu, na hela ya simu ikawa inakwisha. Alimsomea hesabu yote, ya kikombe na ya pakiti, na ya kilo tatu kwa mti. Kisha akamwambia kwamba kama ataiacha miti, yeye atamtumia kila mwezi sehemu ya fedha anayoipata kwa kazi yake ya jioni, ili aajiriwe kijana wa kupogoa na inunuliwe mbolea, kwa misimu miwili; na kama hesabu haitageuka kwa misimu hiyo miwili, ing'olewe, naye hatasema neno. Mzee aliuliza kijana huyo atalipwa kiasi gani, na ni nani atakayemsimamia. Maswali hayo hayakuwa na jibu siku ile.

Tulinunua pakiti moja ya Kenya AA, tukachangia bei, na mwezi wa Desemba mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa akirudi likizo aliichukua mpaka Thika. Mzee, ambaye maisha yake yote amekunywa chai, aliipika katika sufuria pamoja na maziwa na sukari nyingi. Habari tuliyoletewa ni kwamba alionja, akaweka kikombe chini, akasema Wazungu wameiunguza. Lakini alikimaliza. Miti imebaki imesimama kungojea malipo ya chama, na kijana wa kupogoa amekwisha patikana, mtoto wa yule jirani aliyepanda maparachichi.